Uzi wa Bakteria

Kwa wiki saba nilimnong'oneza Okidi rangi, na kwa wiki saba hakuna aliyetugundua.

Tulikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya teknolojia ya maabara katika chuo kimoja hapa Kampala. Meza yetu ilikuwa ya nne kutoka mlangoni, karibu na sinki. Walitupanga pamoja kwa bahati tu, lakini tukaelewana upesi kwa sababu sote wawili tulikulia ndani ya Kiswahili: yeye katika nyumba za polisi za Nsambya, mimi Kisugu, katika familia ya Wanubi ambao babu zao walikuja na jeshi. Wenzetu walizungumza Kiganda na Kiingereza. Mimi na Okidi tulikuwa na lugha yetu ya pembeni, nzuri kwa kunong'onezana.

Somo lilikuwa utangulizi wa mikrobiolojia, na kila Jumanne na Alhamisi mchana tulikuwa maabara tukipaka bakteria rangi. Ni kazi ya kwanza ambayo kila mwanafunzi hufundishwa. Unawapaka bakteria kwenye kioo, unawakausha juu ya moto, unawamwagia dawa ya zambarau, kisha ayodini, kisha unawasuuza kwa spiriti, na mwisho unawapa dawa nyekundu iitwayo safranini. Bakteria wenye ukuta mnene huishika ile zambarau wala hawaiachii hata ukiwasuuza. Wenye ukuta mwembamba, ambao juu yake wamejifunika utando wa pili, huoshwa wakabaki bila rangi, halafu huichukua ile nyekundu wakaonekana waridi. Wa zambarau huitwa Gram chanya, wa waridi Gram hasi. Daktari akishajua kundi, anajua pa kuanzia kutafuta dawa ya mgonjwa.

Okidi hakuiona tofauti hiyo. Aliniambia wiki ya kwanza, macho yake yakiwa bado kwenye hadubini.

"Suma, hawa wako ni rangi gani?"

"Waridi. Kwani wako?"

"Sijui." Akaizungusha skrubu ya hadubini. "Mimi naona majivu. Mengine yamekolea, mengine hayakukolea. Nimezaliwa hivyo."

Nilidhani anatania. Nikamwonyesha chupa mbili, ya zambarau na ya safranini, akanisomea lebo. Nikazigeuza lebo zitazame ukutani, akashindwa kuwa na uhakika. Basi tangu siku hiyo nikawa namnong'oneza. Waridi. Zambarau. Waridi tena. Niliona ni jambo dogo, kama kumwazima mtu kalamu.

Na si kwamba Okidi alikuwa mzigo. Kwa mambo mengine yote alituacha mbali. Aliweza kuchora seli ya bakteria kwa kichwa, bila kitabu, kwa penseli moja: ukuta, utando chini yake, raibosomu za kutengeneza protini zikiwa zimetawanyika kama punje za mchanga, DNA ikiwa imejikunja katikati bila chumba cha kuihifadhi, mikia ya kuogelea, vinyweleo vya kujishikiza, na nje kabisa ile kapsuli inayoteleza ambayo humsaidia bakteria asimezwe na chembe nyeupe za damu. Ukitazama mchoro wake unaelewa kwa nini kila kitu kiko pale kilipo. Mwalimu wetu, Dokta Kavugho, aliubandika mmoja kwenye ubao wa matangazo na hakusema neno, na kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Dokta Kavugho alitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Alifundisha kwa Kiingereza na kukaripia kwa Kiswahili, kwa hiyo akianza sentensi kwa Kiswahili darasa zima lilikaa wima, hata wasiokijua.

Wiki ya nane kulikuwa na jaribio. Kila mtu alikaa peke yake, meza zimetenganishwa, slaidi kumi mbele yake. Mimi niliketi dirishani na Okidi aliwekwa upande wa pili wa chumba. Baadaye alinieleza alichofanya: alikisia kwa ukolevu. Slaidi iliyokolea aliandika Gram chanya, iliyofifia Gram hasi. Lakini bakteria wa waridi wakipakwa kwa unene nao hukolea, na wa zambarau wakipakwa kwa wepesi hufifia. Alipata tatu kati ya kumi.

Siku ya kurudisha karatasi Dokta Kavugho aliishika ya Okidi juu.

"Mchoro wa kwanza darasani," akasema kwa Kiswahili, "na slaidi za mwisho darasani. Nieleze."

Okidi alisimama.

"Wiki zote saba za nyuma majibu yako karibu yote ni sahihi, na yanafanana na ya Sumayiya mpaka mahali ambapo Sumayiya amekosea. Ulikuwa unanakili?"

"Ndiyo, Dokta," akasema Okidi.

Nilitaka kusimama. Kabla sijafungua mdomo Okidi alikuwa ameshachukua begi lake na kutoka. Alhamisi hakuja. Jumanne iliyofuata hakuja. Simu yake iliita bila kupokelewa.

Jumatano nikapanda boda mpaka Nsambya. Nyumba yao ilikuwa katika safu ya nyumba za polisi, na mlangoni nilimkuta baba yake, Sajini Oyat, amevaa suruali ya kazi na fulana, anapiga buti zake rangi. Nilimwamkia, nikajitambulisha.

"Wewe ndiye Sumayiya," akasema. "Yeye ameniambia. Keti." Alizungumza kile Kiswahili cha kambini, kifupi na kilichonyooka. "Hii mambo ya macho si mpya. Mjomba yake Ocira, ndugu ya mama yake, hivyo hivyo. Alikuwa anachuma nyanya mbichi analeta nyumbani. Watu wanacheka. Mimi nilimwambia huyu kijana, soma sheria, soma hesabu. Yeye akasema hapana, anataka vidudu."

"Afande, Okidi ndiye bora kuliko sisi wote."

"Najua. Mimi si mtu ya kukataza." Akaiweka buti chini. "Lakini sasa amekaa nyuma ya nyumba wiki moja. Nenda uongee na yeye. Mimi nimeshindwa."

Okidi alikuwa uani, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari la mikrobiolojia magotini. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima: kwamba ni kosa langu, kwamba nitakwenda kwa Dokta niseme kweli, kwamba asikate tamaa. Aliniacha nimalize.

"Suma, sikuondoka kwa aibu," akasema. "Niliondoka kwa sababu alichosema ni kweli. Fikiria nimemaliza, niko hospitali, wewe hupo. Analetwa mtoto ana homa ya uti wa mgongo. Mimi natazama kioo, naandika zambarau kumbe ni waridi. Anapewa dawa isiyo yake. Nani atakuwa amemuua?"

Nilirudi Kisugu nikiwa nimenyong'onyea, na usiku mzima wazo hilo halikunitoka: kila nilipomnong'oneza nilidhani namsaidia, kumbe nilikuwa namficha tu, na mwenyewe alikuwa akijua.

Asubuhi nikamwendea Hajati Kaltumi.

Hajati alikuwa fundi mkuu wa maabara yetu. Miaka thelathini na moja alikuwa amepika chakula cha bakteria wa chuo kile. Hakuwa na shahada. Alivaa koti jeupe juu ya dira, gauni lake pana, na alitembea polepole, lakini ukimwona anashika kitanzi cha waya, kile kijiti chenye duara dogo la kuchotea bakteria, unajua uko mbele ya mtu mwenye mikono ya ustadi. Hakuna sahani yake ya bakteria iliyowahi kuota ukungu. Wasomi wenye shahada ya uzamivu walikuja kumwuliza kwa nini majaribio yao yamekataa, naye alinusa, akainua sahani kwenye mwanga, akawaambia.

Nilimweleza kila kitu. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua tangu wiki ya pili," akasema. "Siku moja nilibadilisha nafasi za chupa. Nyote mlitazama rangi mkachukua. Yeye alisoma lebo zote nne, moja moja, kama anayesoma barua."

"Hajati! Mbona hukusema?"

"Nilingoja aje mwenyewe. Mtu anayeficha kitu, ukimvua mbele za watu hatarudi."

"Na sasa hajarudi hata hivyo."

Nilidhani nimevuka mpaka.

"Kweli," akasema. "Hapo nilikosea. Mlete Jumamosi."

Kumleta haikuwa kazi nyepesi. Alikuja mwishowe kwa heshima ya Hajati, si kwa matumaini. Maabara ilikuwa tupu, madirisha wazi, mlio wa magari ukipanda kutoka barabarani. Hajati alikuwa ameweka mezani kioo kimoja cha slaidi, mirija miwili ya bakteria na kichupa kidogo cha maji yasiyo na rangi.

"Kabla ya kuja hapa," akaanza, huku akivaa glavu, "nilifanya kazi miaka minne kwenye maabara ya maziwa. Ng'ombe anaumwa kiwele, daktari wa mifugo amesimama mlangoni, anataka kujua leo hii ni bakteria wa kundi gani. Mwaka mmoja dawa za rangi zilituishia miezi miwili. Ng'ombe hawakungoja. Ndipo nikafundishwa hii." Akakiinua kichupa. "Potashi kali. Asilimia tatu. Inaunguza, usiishike kwa mkono mtupu. Vaa miwani."

Akadondosha matone mawili kwenye kioo, moja kulia, moja kushoto. Akachota bakteria kutoka mrija wa kwanza, akawakoroga kwenye tone la kulia, mizunguko midogo midogo, akihesabu kwa sauti ya chini. Kisha akaunyanyua waya taratibu. Hakuna kitu, tone lilibaki maji matupu.

Akauchoma waya kwenye moto, akaungoja upoe, akachota kutoka mrija wa pili, akakoroga kwenye tone la kushoto. Alipofika sekunde ya ishirini tone lilianza kuwa zito. Akanyanyua waya, na pamoja nao ukanyanyuka uzi. Mwembamba, unang'aa, urefu wa nusu kidole, unaning'inia kati ya waya na kioo bila kukatika.

Okidi alisogea mpaka pumzi yake ikakigusa kioo.

"Kama otigo," akasema. Otigo ni mboga ya bamia ya kwao Acholi, ile inayovutika kijikoni.

"Kama otigo," Hajati akakubali. "Sasa niambie ni nini. Mimi sitakwambia. Wewe ndiye mchoraji."

Okidi akasogeza kiti. Alichukua penseli, akageuza karatasi, akachora. Nilimtazama akichora seli mbili, moja yenye ukuta mnene kama tofali, nyingine yenye ukuta mwembamba na ule utando wa nje. Alichora potashi ikiingia. Akasimama. Akafuta. Akachora tena.

"Potashi inaupasua utando wa nje," akasema polepole, "na ukuta mwembamba hauwezi kuzuia. Seli inapasuka. Vilivyomo ndani vinamwagika." Penseli yake ilikuwa pale katikati, kwenye yale mafundo ya DNA. "Na hii ikinyooshwa ni ndefu kuliko seli yenyewe karibu mara elfu. Mamilioni ya seli yakipasuka pamoja, hizi zinasokotana." Akainua uso. "Hajati, huu uzi ni DNA. Huyu wa kushoto ni Gram hasi. Wa kulia ukuta wake mnene umevumilia, ni Gram chanya."

"Rangi gani huo uzi?" Hajati akamwuliza.

"Hauna rangi."

"Basi."

Okidi alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa wiki mbili. Aliomba waya, akafanya mwenyewe, mara ya kwanza hakupata kitu kwa sababu alikoroga kwa woga, mara ya pili uzi ukapanda. Aliushikilia hewani mpaka ukakatika.

Nami nilikuwa pale na macho yangu mazima. Miezi miwili nilikuwa nimetazama waridi na zambarau, nikaandika majibu, nikapata alama, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza kuna nini nyuma ya rangi. Kwangu ukuta wa seli ulikuwa neno la kukariri. Kwa Okidi ulikuwa kitu kinachopasuka.

Hajati alimpa sharti moja tu. "Kabla ya kumwuliza usiyemjua, mwulize unayemjua. Kila siku, kila kichupa kipya, anza na bakteria mmoja ambaye una hakika ni Gram hasi, na mmoja ambaye una hakika ni chanya. Wakikujibu sawasawa, endelea. Wakikataa, usimwamini mtu."

Kwa wiki tatu Okidi alijifunza kila alasiri, na mimi nikiwa naye. Aliandika kila jaribio kwenye daftari: saa, mrija, sekunde, uzi au hakuna uzi. Alijifunza kwamba mbinu hii haitoshi peke yake, kwamba lazima aitazame pia sura ya bakteria kwenye hadubini, mviringo au fimbo, mnyororo au kichala, mambo ambayo macho yake yaliyaona vizuri kuliko yangu.

Kisha akaenda kwa Dokta Kavugho. Hajati alitaka kumsindikiza, akakataa. Mimi sikumpa nafasi ya kukataa.

Ofisi ilikuwa ndogo, vitabu mpaka sakafuni. Okidi alisema yote akiwa amesimama: macho yake, wiki saba, jaribio, na yule mtoto wa homa ya uti wa mgongo aliyemwogopea. Nami nikasema yangu, kwamba yeye hakunakili, mimi nilimpa. Dokta alitusikiliza kalamu ikiwa imesimama juu ya karatasi.

"Sumayiya," akasema, "alama zako za maabara za wiki saba nimezifuta. Na utaosha vyombo vya maabara mpaka mwisho wa muhula."

"Ndiyo, Dokta."

"Wewe, Okidi. Sitakupitisha kwa huruma."

"Sikuja kwa ajili ya huruma, Dokta. Nipe mtihani. Bakteria wowote utakaowachagua."

Ilimchukua siku mbili kuamua. Akatuita akasema: mirija kumi yenye namba tu. Okidi atambue kila mmoja ni kundi gani, kwa njia yoyote anayoweza kuitetea kwa muundo wa seli, mezani hapo hapo. Hajati angeandaa mirija na kukabidhi orodha ndani ya bahasha, kisha asiingie chumbani mpaka mwisho.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mimi nilikuwa sinki, kwenye adhabu yangu, nikisugua bomba za kioo na kutupa jicho. Dokta aliketi mbele ya Okidi na saa yake mezani. Okidi alianza na wawili anaowajua. Wakamjibu sawasawa. Akaingia kwenye mrija wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja potashi kwanza, kisha slaidi, kisha hadubini, kisha maelezo. Dokta aliuliza maswali makali. Kwa nini huyu uzi wake umechelewa? Kwa nini unasema fimbo? Alijibu bila haraka, na pale asipojua alisema hajui.

Baada ya mrija wa sita kichupa chake kiliisha. Dokta akainuka, akafungua kabati, akamletea kingine.

"Umebakiwa na dakika ishirini na tano," akasema.

Nilidhani ataendelea na mrija wa saba. Muda ulikuwa mdogo. Lakini Okidi alirudi kwa yule Gram hasi anayemjua, akamweka kwenye tone jipya, akakoroga. Sekunde ishirini. Arobaini. Sitini. Akanyanyua waya. Maji matupu.

Akarudia kwenye kioo kipya. Maji matupu.

Mimi niliacha kusugua. Kichupa kile kilitoka mkononi mwa Dokta Kavugho mwenyewe, na Dokta Kavugho si mtu wa kuambiwa kwamba amekosea.

"Dokta," akasema Okidi, "dawa hii imekufa."

"Nimeitoa kabatini mimi mwenyewe."

"Ndiyo, Dokta. Lakini huyu ninamjua. Dakika arobaini zilizopita alitoa uzi, sasa hatoi. Bakteria ni yule yule, waya ni ule ule. Kilichobadilika ni kichupa. Nikiendelea, kila mrija utasema Gram chanya, na nitaandika uongo."

Dokta alivaa glavu, akachukua waya kutoka mkononi mwake, akafanya mwenyewe, kwa dakika nzima, akiitazama saa. Akanyanyua. Hakuna. Akakigeuza kichupa, akaisoma lebo. Akakijaribu kifuniko: kilikuwa kimelegea.

"Kimetengenezwa mwaka jana," akasema. "Kimekaa kikiingiza hewa, na hewa imeidhoofisha potashi." Akakiweka mbali. "Sikukutega, Okidi. Nilikosea."

Sijawahi kumsikia mwalimu mwingine akisema hivyo mbele ya wanafunzi. Alipima chembe za potashi mwenyewe kwenye mizani, akaziyeyusha, akamwekea mezani, na akairudisha nyuma mishale ya saa yake dakika alizompotezea. Okidi alianza tena na yule anayemjua. Uzi ukapanda, na nilishusha pumzi kwa nguvu hata Dokta akageuka kunitazama.

Hajati aliitwa, bahasha ikafunguliwa. Tisa kati ya kumi zilikuwa sahihi. Mrija wa tisa Okidi aliandika Gram hasi kwa sababu ulitoa uzi mfupi, kumbe alikuwa bakteria wa udongo mwenye umbo la fimbo, ambaye ni Gram chanya. Dokta akaniambia nikaushe mikono, nimpake yule bakteria rangi, nitazame nimwambie.

Nilitazama. Niliona fimbo za zambarau, na katikati yake fimbo za waridi, zimechanganyika kwenye kioo kimoja.

"Dokta, sijui niseme nini. Wako wa rangi zote mbili."

"Kwa sababu ni wazee," akasema. "Fimbo hawa wakizeeka ukuta wao huchoka. Wanadanganya potashi na wanadanganya rangi. Wanamdanganya Sumayiya mwenye macho, wamemdanganya Okidi, na mwaka wangu wa pili walinidanganya mimi." Kisha akamgeukia Okidi. "Nimefundisha miaka kumi na tisa. Wanafunzi wangu wanajua kwamba mwalimu ndiye anayeshika jibu, kwa hiyo dawa ikikataa wanaandika jibu wanalodhani nalitaka. Hakuna aliyewahi kunirudishia kichupa. Mtu akifanya hivyo hospitalini, yule mtoto wako wa homa ya uti wa mgongo atakuwa salama. Macho yako tutayatafutia utaratibu: rangi itasomwa na mtu wa pili, waziwazi, na utaandika jina lake kwenye fomu. Usinong'onezwe tena."

"Sitanong'onezwa, Dokta."

Hajati Kaltumi alikuwa pembeni. Alikuwa anakusanya mirija na kuipanga kwenye sufuria ya kuchemshia, akitabasamu peke yake.

Mwaka uliofuata jaribio la uzi liliingizwa kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza, kwa wanafunzi wote. Dokta alimwomba Hajati asimame mbele alifundishe yeye. Kwanza alikataa, akasema yeye si mwalimu. Dokta akamletea koti jipya lenye jina lake limeshonwa kifuani, akasubiri. Nilikuwepo siku alipoinua uzi ule wa kwanza mbele ya wanafunzi mia na zaidi, nikasikia ukumbi mzima ukivuta pumzi. Sajini Oyat naye alikuja, kwa mwaliko wa mwanawe, akasimama nyuma kabisa katika sare, kofia mkononi.

Sisi tulikuwa tumeshahamia somo la vimelea. Huko nako kuna rangi: damu ya mgonjwa wa malaria hupakwa dawa, na kimelea huonekana na kiini chekundu na mwili wa buluu. Mwalimu alikuwa mgeni kwetu, mzee mmoja mkimya aitwaye Abdul-Karim. Siku ya kwanza, kabla kipindi hakijaanza, Okidi alikwenda mpaka mezani kwake.

"Mwalimu, mimi naitwa Okidi. Kuna rangi ambazo siwezi kuzitofautisha. Nimekuja kukuuliza, huyu kimelea ana umbo gani, na anakaa wapi ndani ya seli ya damu?"

Mzee alimtazama juu ya miwani yake. Kisha akavuta kiti cha pili, akakigonga mara mbili kwa kiganja ili aketi, akafungua sanduku lake la slaidi.